Elia Mwangi au Elia Mabula? Jina la kati la mtoto wa pili wa kiume

SWALI: Mimi ni Mkikuyu wa Nyeri, nimeolewa na Msukuma wa Shinyanga, tunaishi Arusha. Mtoto wetu wa kwanza, Joshua Mabula Shija, jina lake halikutuletea mjadala wowote. Mabula ni mume wangu, Shija ni baba mkwe. Sasa tumepata wa pili, naye wa kiume, ana wiki sita. Jina la kwanza tumeshakubaliana, ni Elia. Kwa mila ya kwetu hii ni zamu ya baba yangu mzazi, Mwangi, kwa hiyo nataka mtoto awe Elia Mwangi. Mume wangu anasema jina la kati ni la baba, basi, la sivyo watoto wataonekana si wa baba mmoja. Wifi yangu anasema tuachane na yote hayo tumwite Elia Ethan, kwa sababu yanaendana. Cheti cha kuzaliwa bado hatujachukua. Ni jina gani la kati linalomfaa?
Mama Joshua, Arusha

JIBU: Hongera sana, Mama Joshua, kwa kujifungua salama. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, na kila nikilirudia naona kwamba hapo nyumbani hakuna aliyekosea. Mnagombana kwa sababu mkisema "jina la kati" kila mmoja wenu ana kitu chake kichwani, na mpaka mkitenganishe, hata mngeletewa orodha ya majina mia moja hamtaafikiana.

Tuanze na kwenu. Nyeri, kama sehemu kubwa ya Kenya, mtu huandikwa jina la ubatizo kwanza, kisha jina lake la nyumbani, kisha jina la baba. Jina lililo katikati ni la mtoto mwenyewe. Ni lake kama lile la kwanza, na pengine zaidi, maana ndilo bibi atakalomwitia na ndilo linalomfunga na mtu fulani katika ukoo. Mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba, wa pili hurithi la babu mzaa mama. Tazama familia ya Kenyatta. Baba yake Mzee Jomo aliitwa Muigai. Mtoto wake wa kwanza wa kiume kwa mke wake wa kwanza, Grace Wahu, ni Peter Muigai. Kwa Mama Ngina, mtoto wa kwanza wa kiume ni Uhuru Muigai, jina lile lile, kwa sababu kila nyumba huanza hesabu yake upya. Anayemfuata Uhuru kati ya wavulana ni Muhoho, na Muhoho ni jina la baba yake Mama Ngina. Kwa hiyo wewe kudai Mwangi kwa mtoto wako wa pili si kujipendelea. Umeingoja zamu yako kwa utaratibu, na Joshua alipopata jina la upande wa mumeo hukusema kitu. Hilo mumeo alijue.

Sasa kwa mumeo. Tanzania tulio wengi tunaandikwa kwa mstari wa baba: jina langu, la baba yangu, la babu yangu au la ukoo. Ali Hassan Mwinyi alikuwa mtoto wa Hassan. Benjamin William Mkapa, mtoto wa William. Jakaya Mrisho Kikwete, mtoto wa Mrisho. Samia Suluhu Hassan ni binti wa mzee Suluhu. Mtanzania akisoma "Elia Mwangi Mabula" kwenye daftari la shule hatauliza maswali, atajua papo hapo kwamba baba wa mtoto anaitwa Mwangi na babu yake ni Mabula. Mumeo atakuwa ameandikwa babu wa mwanawe, na baba yako atakuwa ameandikwa mume wa binti yake. Nimelisema kwa ukali makusudi, kwa sababu ndivyo litakavyosomwa na mwalimu wa darasa, na daktari, na siku moja na hakimu wa mirathi. Hofu ya mumeo si wivu wala ubabe. Anajua jinsi karatasi zinavyosomwa kwao.

Kwa Waislamu wa pwani na Visiwani jambo hili lina uzito mwingine juu ya huo. Qurani, sura ya 33 aya ya 5, inaagiza watu waitwe kwa baba zao, na lile "bin" lililokuwa likisemwa kati ya jina na jina, ingawa kwenye vyeti vingi halipo tena, bado watu wanalisikia. Kuweka jina jingine pale ni kumnasibisha mtoto na mtu asiye baba yake. Najua ninyi ni Wakristo, lakini mnaishi katika nchi ambayo usikivu huo umeenea kwa wote.

Wifi yako naye ana maana ya tatu. Marekani na Uingereza jina la kati ni nafasi huru. Mzazi anaweza kuliweka, kuliacha, au kulichagua kwa sababu linapendeza likitamkwa baada ya la kwanza, kwa kuwa ukoo umekwisha kutajwa na jina la mwisho. Huko ushauri wa "yanaendana" una mantiki kabisa. Hata hivyo, hata huko wengi huitumia nafasi hiyo kumkumbuka mtu. Barack Hussein Obama ana jina la kati linalotoka kwa babu yake mzaa baba, Hussein Onyango Obama wa Kogelo. Waliolibeza jina hilo wakati wa kampeni za 2008 hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba ni jina la mzee wa Kijaluo kando ya Ziwa Victoria.

Ethan mimi siliungi mkono, na sababu yangu haihusu ugeni wa jina. Elia lenyewe limetoka mbali, na Joshua vilevile. Ila Ethan halimwelekezi mtoto kwa mtu yeyote, na linaziba nafasi ambayo watu wawili waliostahili wanaisubiri. Tena halikai vizuri mdomoni. Elia linaishia kwa irabu, Ethan linaanza kwa irabu, na ulimi wa Kiswahili ukikuta irabu mbili zinagusana huziunganisha. Linaishia kwa konsonanti pia, kwa hiyo bibi wa Shinyanga ataongeza "i" mwishoni, na bibi wa Nyeri atalitamka kwa namna yake, na ndani ya miaka michache kutakuwa na Ethan, Ethani na Ithani katika karatasi za mtoto mmoja.

Hapo nimegusa suala la sauti, na ninalichukulia kwa uzito, maana jina huitwa mara nyingi kuliko linavyoandikwa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: e-LI-a, MWA-ngi, ma-BU-la, SHI-ja. Majina yakipishana urefu, moja la silabi tatu na linalofuata la silabi mbili, mkazo unapumua na kila jina linasikika peke yake. Yakiwa yote marefu, mwitaji huchoka na kukata moja. Jihadharini zaidi na jina la kwanza linaloishia kwa irabu ile ile inayoanza jina la pili. Musa Ali husikika kama neno moja. Na kwa Elia, mkiwa Arusha, hatari hiyo ni ya kweli. Kilimanjaro, Upare na Meru kumejaa akina Elirehema, Elisante, Elifuraha na Eliamani. Mama anayemtaja mwanawe "Elia Amani" mbele ya karani mwenye haraka anaweza kurudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa Eliamani, neno moja, na nafasi ya pili ikiwa tupu. Elia Mwangi halina tatizo hilo, wala Elia Mabula. Sauti ya "m" inasimama mlangoni na kuyatenga majina vizuri. Kwa sikio tu, yote mawili yanafaa, na mkiyaweka kwa mfuatano, Elia Mwangi Mabula Shija, yanakwenda tatu, mbili, tatu, mbili. Nilipoyatamka kwa sauti nilifurahi.

Na huo ndio ushauri wangu: mwandikeni majina manne. Elia Mwangi ni majina yake mwenyewe, Mabula la baba, Shija la babu.

Ninajua jibu la haraka litakuwa kwamba Tanzania ni majina matatu. Kwenye fomu, ndiyo, masanduku mara nyingi ni matatu. Lakini mtu kuwa na majina mawili yaliyo yake kabla ya la baba si jambo jipya hapa. Rais wa awamu ya tano aliitwa kwa ukamilifu John Pombe Joseph Magufuli. Joseph lilikuwa jina la baba yake, na mbele yake kulikuwa na mawili. Katika mazungumzo nchi nzima ilisema John Pombe Magufuli, na hakuna aliyedhani kwamba baba yake ndiye Pombe. Na mwangalie Mwalimu mwenyewe. Nyerere ni jina la baba yake, chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Kambarage ndilo jina alilokuzwa nalo Butiama, jina la roho ya mvua. Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Julius Kambarage Nyerere, basi, limepangwa sawasawa na utaratibu wenu wa Nyeri: la ubatizo, lake la nyumbani, la baba. Mumeo akisema jambo hili halipo Tanzania, mtajie hilo, kwa upole. Yeye mwenyewe anaitwa Mabula, na Msukuma hahitaji kuambiwa kwamba jina hilo nalo ni la mvua.

Kuna jambo hapa ninalotaka mlione wote wawili. Mwangi haliwezi kuchukua nafasi ya Mabula kwa sababu si la aina moja na Mabula. Mabula, likiwa kwenye jina la Elia, linajibu swali "mtoto wa nani?". Mwangi linajibu swali "yeye ni nani?". Kwa Wakikuyu, mtoto aliyepewa jina la babu huchukuliwa kuwa ni huyo babu amekuja tena, ndiyo maana utamsikia mama akimwita mwanawe mdogo "baba" bila mzaha wowote. Mwangi tena ni jina zito kuliko wengi wanavyojua, maana zamani Wakikuyu walipokezana uongozi kati ya vizazi viwili, Mwangi na Maina, kizazi kimoja kikikabidhi nchi kwa kingine. Ukiliweka jina la namna hii mahali pa jina la baba, umelishusha. Mahali pake ni mbele, pamoja na Elia, upande wa majina ya mtoto mwenyewe.

Kwa mpangilio huo hofu ya mumeo inaisha. Joshua Mabula Shija na Elia Mwangi Mabula Shija: yeyote atakayeyasoma majina hayo mawili yakiwa yamefuatana ataona ndugu wa baba mmoja na babu mmoja. Mwalimu akiita "Elia Mabula", mtoto ataitika. Akiwa Nyeri kwa likizo na mjomba akaita "Mwangi", ataitika pia.

Sasa kazi ngumu, ambayo ni karatasi. Majina manne yana hatari moja kubwa, nayo ni kwamba kila ofisi italipunguza jina inavyopenda isipokuwa ninyi mmeamua mapema. Hospitali wataandika Elia Mwangi Mabula, shule wataandika Elia Mabula Shija, kanisa wataandika Elia Mwangi, na mtoto atafika umri wa kitambulisho cha Taifa akiwa na watu watatu ndani ya bahasha moja. Nimeona vijana wakikwama kwenye mkopo wa masomo na kwenye ajira kwa tofauti ndogo kuliko hiyo, wakizunguka na hati za kiapo kueleza kwamba Elias na Elia ni mtu mmoja. Basi wekeni kanuni moja ya nyumbani: kila fomu yenye masanduku matatu, la kwanza lina "Elia Mwangi", yote mawili pamoja, la kati "Mabula", la mwisho "Shija". Iandikeni kanuni hiyo mahali mumeo na wewe mnapoiona, na anayempeleka mtoto kliniki, hata akiwa shangazi, aende nayo. Jina linaloandikwa shule ya msingi ndilo huelekea kumfuata mtoto hadi mtihani wa kumaliza shule ya msingi na vyeti vya kidato cha nne, kwa hiyo siku ya kumwandikisha darasa la kwanza muwe na cheti mkononi, msitegemee kumbukumbu.

Kwa hati ya kusafiria msiwe na wasiwasi wa urefu. Ile mistari miwili ya herufi na alama chini ya ukurasa wa picha ina nafasi 44 kila mmoja, na mstari wa kwanza hubakiza nafasi 39 kwa ajili ya jina. Shija likiwa jina la ukoo na mengine matatu yakifuata, pamoja na alama za kutenganisha, mtatumia 25. Wapo watu wa Oman na wa pwani yetu wenye majina marefu zaidi ya hayo, na wanasafiri.

Mwangalie pia tahajia. Elia lina ndugu wengi: Eliya, Eliah, Elias, Elijah. Chagueni moja, na mnapokwenda kusajili mtajieni karani herufi moja moja, kisha ombeni kusoma alichoandika kabla hakijapigwa muhuri. Familia za Kiislamu zinalijua tatizo hili vizuri kwa Ali na Ally, au Mohamed, Muhammad na Mohamedi. Na kwa kuwa wapo wasomaji wengine watakaopitia hapa wakitafuta jina la mtoto wao: anayeitwa Abdulkarim aandikwe neno moja. Likikatwa vipande viwili, Karim linahamia sanduku la kati, jina la baba linasukumwa mwisho, la babu linadondoka, na mtoto anabaki akiitwa "Abdul", jina lililokatwa kabla ya kufika mwisho.

Elia ana wiki sita. Usajili bila faini ya kuchelewa ni ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, kwa hiyo muda mnao, ila usiwe mwingi sana wa kuvutana. Nendeni mkiwa wawili, na lile tangazo la kizazi, yaani karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, mlilopewa hospitali. Wewe ukiwa raia wa Kenya, mtoto ana haki ya uraia wa Kenya kwa kuzaliwa kupitia kwako, kwa Katiba ya mwaka 2010, na sheria ya Tanzania inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili mpaka atimize miaka 18, ndipo achague. Mkija kumtafutia karatasi za Kenya, majina yawe haya haya manne kwa mpangilio huu huu. Huko msishawishike kuyapanga upya "Elia Mwangi Mabula" eti kwa sababu ndivyo Wakenya waandikavyo. Shija likikosekana upande mmoja wa mpaka, Namanga patamchosha kila likizo.

Limebaki suala la namna ya kumwambia mumeo. Usianze na Mwangi. Anza kwa kumwambia kwamba jina lake litabaki palepale lilipo kwa Joshua, halitahamishwa. Akishatulia juu ya hilo, mwambie kwenu mtoto wa kwanza wa kiume ni wa upande wa baba, na kwamba jina la Shija ulilipokea kwa moyo mmoja ukijua zamu ya pili inakuja. Wasukuma nao wana utaratibu wao usiovunjwa: pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Mtu aliyekulia katika nyumba yenye jina hilo anaelewa maana ya mtoto kuzaliwa akiwa jina lake linamngoja. Kama baba mkwe bado yupo, mshirikisheni mapema, kabla ya kusajili. Mara nyingi mzee mwenye jina ndiye mwepesi kukubali kuliko mtoto wake.

Na akikataa majina manne kabisa, akasisitiza matatu? Hapo nisingekushauri uvunje ndoa kwa ajili ya sanduku la fomu. Ningeshika mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kumwandika Mwangi Mabula Shija, na Elia liwe jina la ubatizo kwenye cheti cha kanisa. Jina la babu linapata nafasi ya mbele na mstari wa baba hauguswi. Ya pili ni Elia Mabula Shija kwenye cheti cha Serikali, na Mwangi liwe la ubatizo na la nyumbani, mradi mumeo naye akubali kulitumia ndani ya nyumba. Kati ya hizo mbili mimi ningechukua ya kwanza. Elia ni jina zuri, lakini mnaweza kumpa mtoto mwingine. Mwangi limemjia huyu.